Asubuhi Waliyomwamsha Kapteni

Wexcombe, Vermont
29 Septemba 1806

Keziah, Asahel wangu ni kapteni! Kapteni, mdogo wangu, wa kikosi kizima cha mgambo wa Wexcombe, kwa kura za wanaume wenzake, na asubuhi waliyokuja kumwamsha kwa heshima ya cheo chake luteni wake alipigwa risasi uani kwangu, akakatwa mguu juu ya meza yangu ya jikoni, na sasa wamemvua mwanangu upanga na wanataka kumtupa jela ya wilaya. Nimeyatoa yote kwa pumzi moja. Nimeyabana kifuani majuma mawili, na kama ningetangulia na salamu ningepasuka.

Haya, salamu sasa. Hujambo wewe, hawajambo watoto? Shemeji Obed mgongo wake umenyooka, au bado anatembea kama anatafuta sarafu aliyoiangusha? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi ni mzima, nakula, na viatu vyangu vya kanisani bado vinanitosha, jambo ambalo wanawake wengi wa umri wangu hapa Wexcombe hawawezi kulisema. Asahel ni mzima pia, isipokuwa kichwa chake, na hilo nitalifikia.

Nianze na Juni, maana yote yametoka huko. Sheria unaijua, hata kwenu New Hampshire ni hiyohiyo: kila mwanamume mwenye nguvu zake ajitafutie mwenyewe bunduki nzuri ya gumegume, singe na mkanda wake, mawe mawili ya akiba, shanta la mgongoni, na kibweta cha ngozi chenye vikaratasi ishirini na vinne, kila kimoja kimefungwa baruti na risasi yake. Basi ungeliona gwaride la Juni ungecheka hadi ukae chini. Mmoja kaja na mpini wa ufagio begani. Mwingine na bua la mahindi, tena la mwaka jana. Zadok Tubbs yule fundi mapipa, ambaye hata mkewe hamwoni vizuri mpaka amkaribie, alikuja na bunduki ya baba yake iliyojaa kiota cha panya. Na Perley Goss alikuwa na bunduki, naam, ila alisahau kuchomoa mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti mtutuni. Alipofyatua, chuma chote kikaruka kama mshale, kikapita kwenye paja la farasi wa Kapteni Sprague. Farasi alipagawa. Alimtupa mzee Sprague chini akamvunja nyonga, akamkanyaga mpiga ngoma, mtulinga ukalia kwa sauti niliyoisikia toka penye uzio, kisha akakimbia na mdeki ukining'inia hadi akaanguka mtoni. Mchungaji alisali. Perley alitapika. Ndivyo Wexcombe ilivyobaki bila kapteni.

Siku hiyo hiyo, Keziah, mkaguzi alipomfikia Asahel alisimama. Alitupia mdeki ndani ya mtutu wake ukalia kama kengele, safi kabisa. Alifungua kibweta, akakuta vikaratasi vyote mahali pake, vimebanwa, mikia imekunjwa sawasawa, maana nilivifunga mimi kwa vidole hivi hivi. Alimuuliza nani kamfungia. Asahel akasema, "Mama yangu." Wanaume walicheka sana, na Hosea Crane ndiye aliyecheka kupita wote. Tangu siku hiyo akamwita mwanangu Kapteni wa Mama.

Huyu Hosea ndiye mwenye kinu cha mbao. Mtu mkubwa, mwekundu, sauti kama ya fahali. Alitaka cheo cha Sprague kiasi kwamba alikwisha agiza upanga kutoka Boston na unyoya mweupe wa kofia hata kabla ya kura kupigwa. Julai wakakutana uwanjani mbele ya kanisa kuchagua. Hosea alimsogelea Asahel mbele ya watu akamuuliza, "Kijana, leo nani kakufunga vifungo? Mama kakupangusa pua kabla hujatoka?" Asahel akamjibu kwa upole kwamba pua yake iko salama, na kama Hosea ana wasiwasi na yake aisogeze karibu. Basi! Shemeji yake Hosea akampiga Asahel ngumi ya kisogoni. Eben, mpwa wa marehemu mume wangu Reuben, akamrukia huyo shemeji na kumng'ata sikio hadi kipande kikabaki mdomoni. Wakatengana pande mbili, wakapigana kwa vitako vya bunduki na mawe ya uzio, na katikati yao Asahel na Hosea wakakamatana mieleka. Nilikuwa nimesimama juu ya gari letu ili nione. Asahel alimwinua yule mtu mkubwa, akamgeuza, akamtupa uso chini juu ya ngazi ya kanisa. Hosea alinyanyuka akatema meno mawili. Kisha akacheka na damu ile mdomoni, akasema, "Lo, Kapteni wa Mama ana mgongo!" Nisimnyime haki yake, hakuwa mtu wa kinyongo. Walipiga kura wengine wakiwa bado wanavuja damu, Asahel akapata ukapteni, Hosea akapata uluteni.

Hotuba ya kwanza ya mwanangu ilikuwa fupi. Alisema gwaride la Septemba atakagua mwenyewe kila kibweta kabla jenerali hajakiona, na atakayepungukiwa kikaratasi kimoja, au aliyefunga baruti bila risasi, atalipa faini yote ya sheria hata akiwa mjomba wake. Waliguna, lakini walifanya. Mwezi mzima wa Agosti jikoni kote Wexcombe kulinuka risasi iliyoyeyushwa. Wake zao walikuja mezani kwangu niwafundishe kukunja. Mke wa Zadok aliyeyusha hata vijiko vya harusi. Kwa mara ya kwanza tangu vita vya kumwondoa mfalme wa Uingereza, kila mwanamume wa mji huu alikuwa na vifo ishirini na vinne kiunoni. Niliona fahari. Usifikiri sikuona.

Sasa asubuhi yenyewe, ile ya gwaride la Septemba. Unakumbuka walivyokuwa wakimwamsha mjomba Lemuel alipokuwa kapteni, wakinyata gizani na kuizunguka nyumba, kisha wote kwa pamoja wanafyatua baruti tupu madirishani? Na kadiri vioo vinavyovunjika ndivyo heshima inavyokuwa kubwa? Kwa mjomba vilivunjika viwili. Kwangu, Keziah, havikubaki hata kimoja! Nilikuwa nimeamka mapema, nimeoka mikate ya tangawizi sinia mbili, jagi za ramu ziko tayari juu ya meza. Asahel alijilaza kitandani mwake pale chumba cha pembeni, amevaa koti lake la buluu na buti, ukumbuu mwekundu niliomshonea kiunoni, akijifanya amelala kama desturi inavyotaka. Aliniambia kupitia mlango ulio wazi, "Mama, acha kucheka, watakusikia." Nilishindwa kuacha.

Nyumba ikapasuka. Siwezi kuisema namna nyingine. Vioo viliruka hadi kwenye mikate, mlango ukang'oka bawaba moja, moshi ukaingia mzito kama pamba. Nje wakashangilia. Kilichofuata nitakueleza kwanza kama walivyokiona watu wa nje, maana ndicho wanachokiapia wote.

Wanasema kishindo kilikuwa kimekwisha na wengine wamekwisha anza kuimba, ndipo mlipuko mmoja zaidi ukatoka dirisha la jikoni, kutoka ndani kwenda nje. Hosea Crane alikuwa kando ya kisima, mikono kiunoni, akipiga kelele zake. Alianguka kama gogo. Risasi ilimwingia juu kidogo ya goti ikasaga mfupa, na ukelele wake ulifika hadi kinu chake mwenyewe ng'ambo ya kijito. Kisha mlango uliosalia ukafunguka, akatoka Asahel, uso mzima ni damu, bunduki mkononi inafuka moshi. Akawatazama. Akasema, "Ni mimi nimempiga."

Watu wa Hosea walichomeka singe. Shemeji yule wa sikio moja alikuja mbio ameilenga tumbo la mwanangu, na Eben akampokea kwa kitako cha bunduki, taya likavunjika. Walipigana juu ya kabichi zangu, hakuna kabichi hata moja iliyosalia. Perley Goss alichomwa singe begani na jirani yake wa kanisani, wanaokaa benchi moja. Ningekuwa na maiti uani, Keziah, kama si sauti ya Asahel. Alipiga kelele mara moja tu, "Shusha bunduki!" na wanaume wazima, baba wa watoto, wakashusha. Mimi nimezaa sauti ile. Alipita katikati yao, akapiga magoti kisimani, akafungua ukumbuu wake akalifunga paja la Hosea hadi damu ikapungua, akawaamuru wamlete ndani.

Daktari Lull alisema mguu hauna la kufanywa. Walisukuma mikate pembeni wakamlaza mezani kwangu. Walimmiminia ramu ya sherehe kooni, wakampa mkanda wa ngozi aung'ate kwa meno aliyobakiwa nayo. Wanaume wanne walishika mwili. Mimi nilishika kichwa. Nilisikia msumeno ulipotoka kwenye nyama ukaingia kwenye mfupa, sauti inabadilika, nawe ukisikia hutakuwa na haja ya kuambiwa ni nini. Hosea hakuzimia, maskini. Alinitazama muda wote, ameushika mkono wangu, na mkanda ulipomtoka mdomoni akasema, "Usiniache, Mama Asahel. Mungu akubariki." Alisema hivyo. Mguu ukaanguka ndani ya beseni langu la unga.

Na Asahel? Alifunga kichwa kwa kitambaa, akawapanga waliobaki, akawatembeza hadi uwanja wa brigedi, kwa sababu sheria ni sheria. Jenerali alikagua vibweta vya Wexcombe akasema hajaona vilivyojaa vile katika Vermont yote. Aliyasema hayo kwa kapteni mwenye damu shingoni. Kisha akaambiwa habari, akamwamuru atoe upanga.

Kesho yake Zadok Tubbs alikuja mlangoni kwangu analia, kofia anaiminya kama nguo ya kufuliwa. Alisema alishindilia bunduki yake gizani zizini mwake, akapapasa mfukoni apate kikaratasi cha baruti tupu, mkono ukaingia kwenye kibweta. Mwaka wowote mwingine kibweta chake kingekuwa na mahindi ya kutafuna tu. Mwaka huu kilijaa, kwa amri ya kapteni. Risasi ile ilipita dirishani kwa Asahel ikamchana ngozi ya kichwa toka kipajini hadi juu ya sikio, ikaingia ukutani. Upana wa kucha tu ungemwondoa. Kwa hiyo Hosea hakumdhuru mtu. Alifyatua baruti tupu kama wengine, akapiga kelele kama wengine, akakatwa mguu.

Hosea amelala kwake anaunguruma. Anasema Asahel alimpiga kwa makusudi, kwa chuki ya Julai, alimwona wazi pale kisimani akamlenga. Maofisa watakaa kanisani kumhukumu, na hakimu wa wilaya atakuwepo, na kila mtu anasema jela haikosi. Asahel hajitetei. Akiulizwa anarudia maneno yale yale kwamba ni yeye. Anakata kuni, anakamua ng'ombe, anakula nilichopika. Hata wewe ukimwona utaamini.

Sasa kaa chini, mdogo wangu, na kama Obed yupo mwite naye akae.

Asahel hakufyatua bunduki yoyote asubuhi ile.

Nyumba ilipopasuka nilikuwa karibu na meko, naupaka siagi mkate wa kwanza, wake. Nilimwona kupitia mlango akiinuka kitandani anacheka. Kisha kichwa chake kikarushwa nyuma na ukuta wote ukawa mwekundu. Alianguka hajatoa sauti. Nimeona wanaume waliokufa, nawe umeona, na niliona mmoja pale. Sikulia. Sikumwendea hata kumgusa, na hilo ndilo linaloniamsha usiku kuliko yote. Bunduki yake ilikuwa imetundikwa juu ya meko, na niliishindilia mimi jana yake jioni kwa ajili ya mbweha anayekula kuku wangu, kwa kikaratasi nilichokikunja mwenyewe, kizuri kama vyote. Niliishusha. Nilikwenda dirishani. Moshi ulikuwa unapanda, na kando ya kisima mtu mkubwa anacheka na kupiga kelele, "Amka, Kapteni wa Mama! Au Mama hajamaliza kukuvalisha suruali?" Mwanangu amelala na ubongo wake ukutani, nilivyodhani, na huyu anacheka. Niliweka kitako begani kama Reuben alivyonifundisha mwaka ule wa mbwa mwitu. Nililenga kifua, Keziah. Sitakudanganya wewe. Nililenga katikati ya kifua, na nilipiga mguu kwa sababu mikono yangu ilikuwa na siagi na mtutu uliteleza nilipovuta.

Nilipomwona anaanguka nilifurahi. Hili nalo lazima nilitoe. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja.

Kisha mkono ulinipita begani kutoka nyuma ukaishika bunduki. Ulikuwa wa moto, unateleza kwa damu. Nilidhani ni mzimu. Alikuwa Asahel, jicho moja limefumbwa na damu, meno yanagongana. Aliniambia, "Nipe, Mama. Kaa chini. Hukufanya kitu, unasikia? Ulikuwa unaoka." Akanikalisha kwenye kiti changu, akatoka. Mengine umekwisha yasikia.

Nimemwomba aniache niseme. Hataki. Anasema kapteni aliyepigwa risasi kitandani akarudisha risasi, watu watamwelewa baada ya miaka michache, bali mama yake akiwekwa jela ile yenye mlango wa mbao na upepo wa mlimani, hatafika theluji ya pili. Anasema vyeo vinapatikana tena. Yeye, ambaye tangu utoto hajaniambia uongo hata wa yai lililovunjika, sasa anadanganya mji mzima kila siku, kwa utulivu, kwa ajili yangu. Na mimi nilishika kichwa cha Hosea Crane mezani akanibariki, nikanyamaza. Jana nilimpelekea mchuzi. Aliniambia mimi ndiye mwanamke mwema pekee Wexcombe, na kwamba hanilaumu kwa kuzaa nyoka. Nyoka! Asahel wangu! Niliweka bakuli chini nikatoka, na nikiwa njiani nikajua nitafanya nini.

Nitasimama siku ya hukumu kabla hawajamwita yeye, na nitasema kama nilivyokuandikia, pamoja na kifua na siagi. Sijamwambia. Akijua atanifungia ghalani, na ana nguvu za kutosha, ulisikia alivyomrusha Hosea. Wakicheka kwamba mwanamke alimwangusha luteni kwa risasi moja gizani na moshini, wacheke, nitawaonyesha nilivyosimama. Wakinipeleka, wanipeleke. Ila upanga wa mwanangu watamrudishia mkononi mbele ya macho yangu kwanza, na Hosea aletwe kwa kitanda aniangalie mimi, siyo yeye.

Ninachokuomba ni kimoja. Siku hiyo Asahel asiwe peke yake benchini watakaponichukua. Njoo wewe, na Obed hata kama atalala garini njia nzima, na watoto wote, na umpitie kaka Ira na mkewe, na binti zake wale wanaoimba. Mjaze benchi la mbele. Vioo bado sijaweka, kwa hiyo mlete mablanketi. Nitaoka. Mbusu kila mtoto kwa ajili yangu, na yule mdogo mbusu mara mbili, wanasema ana pua yangu. Mungu awalinde barabarani, hasa pale kivukoni.

Ndimi dada yako akupendaye, Azubah Pettengill, mama yake kapteni, nitakayekuwa nimesimama mlangoni pa kanisa la Wexcombe nikiwangoja nyote, Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, saa nne asubuhi.